Maji Yaliugua Kwanza, au Matumbawe?

Acropora, tumbawe la matawi, ikianza kufa shinani ndani ya tangi, nyama ikachunika kidogo kidogo kupanda juu huku ncha zikiwa bado na rangi yake, fundi ana orodha yake kichwani: maji yasiyozunguka vizuri, kivuli cha matawi ya juu, alkalini inayopanda na kushuka, mdudu aliyejificha upande wa nyuma. Ikianzia nchani, ncha zikaungua na kubaki nyeupe, anafikiria taa kali mno, au alkalini ya juu katika maji yasiyo na chakula cha kutosha. Madoa meupe ya mviringo yaliyotawanyika huku na huku ni alama za kuumwa. Na koloni likilala zima likaamka mfupa mtupu, hapo hakuna cha kuwaza. Anakata vipande ambavyo bado vina nyama, anavihamishia maji mengine, kisha ndipo anavuta kiti.

Kifo kina mlango wake wa kuingilia, na mlango huo huonekana juu ya mfupa kwa siku chache tu. Baada ya hapo mwani huota juu ya sehemu iliyokufa, kijani kwanza, kisha hudhurungi, na ushahidi umefunikwa. Ndiyo maana fundi wa kazi hii hutazama kwanza, tena hutazama sana, kabla hajaingiza mkono majini. Mimi hulitazama tangi la matumbawe sebuleni mwa mtu nikaona rangi na samaki. Yeye huona tarehe.

Ninayemzungumzia ni mzee mmoja wa Maskati, mzaliwa wa Unguja, aliyefanya kazi za mabomba na pampu hadi alipostaafu. Vijana wenye matangi humwita Ami. Humpigia simu wakiwa wamechelewa, na karibu kila mara wakiwa wameshajaribu dawa mbili tatu. Kijana mmoja wa mtaa wa Al Khuwair alimwita Acropora na Montipora zake zilipoanza kuchunika. Tangi lilikuwa la lita 400 hivi, safi, lenye taa za bei ghali. Katika zile wiki za wasiwasi alikuwa ameshabadilisha chapa ya chumvi, amepandisha nguvu ya taa, na amemimina bakteria wa chupa.

“Nimefanya kila kitu, Ami.”

“Ndiyo taabu yenyewe, mwanangu. Sasa sijui nazungumza na maradhi au nazungumza na dawa zako.”

Hakusema kwa ukali. Alikaa chini mbele ya kioo, akaomba chai, akaanza kuuliza mambo ambayo kijana aliyaona hayana maana: nani anasafisha nyumba, anatumia dawa gani ya kupulizia, kiyoyozi kiliwahi kukatika, chombo gani kipya kimeingia ndani ya maji tangu Ramadhani. Alipomaliza alikuwa hajagusa kitu.

Ili kuelewa alichokuwa akitafuta, inafaa kujua mnyama mwenyewe anaishi vipi. Tumbawe ni jamaa ya wanyama wadogo, polipi, waliounganishwa kwa nyama nyembamba mno na kukaa juu ya jiwe wanalolijenga wenyewe. Ndani ya nyama hiyo huishi mwani wa seli moja moja, ambao hutengeneza sukari kwa mwanga na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki. Mwenyeji naye huvuta kalsiamu na kaboneti kutoka majini akazigandisha kuwa aragonaiti. Ni chokaa. Ni kutokana na mawe ya namna hii, yaliyochongwa na kuchomwa tanurini kwa karne nyingi, ndipo ilipojengwa miji ya Kilwa na Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Wazee waliitoa chokaa hiyo mwambani. Mwenye tangi anataka ijengwe mbele ya macho yake, na malighafi anainunua kwa chupa.

Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi katika kila kilo, kalsiamu miligramu 410 hadi 420 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, na alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, digrii 7 hivi kwa kipimo cha Kijerumani ambacho wafugaji wa matumbawe wamekizoea. Bahari haihangaiki kuvishika viwango hivi kwa kuwa ni kubwa. Lita 400 haziwezi. Tangi lililojaa matumbawe yenye afya linaweza kula digrii moja ya alkalini kwa siku, hata zaidi, kwa hiyo mwenyewe hufunga pampu ndogo ya dozi inayorudisha kilicholiwa, tone baada ya tone, usiku na mchana.

Ulaji huo una hesabu yake. Kila digrii 2.8 za alkalini zinapoingia kwenye jiwe, kalsiamu hupungua miligramu 20 hivi kwa lita, kwa kuwa jiwe lenyewe ndivyo lilivyoundwa. Ami huitumia hesabu hii kukamatia vipimo vinavyodanganya. Mtu akimwambia kwamba alizima dozi, alkalini ikashuka digrii 3 na kalsiamu ikashuka miligramu 100, yeye hulitazama jiwe, halioni limekua kiasi hicho, na kuuliza kile kipimo cha kalsiamu kilinunuliwa lini.

Kwani kabla ya kuyalaumu maji, Ami huvilaumu vyombo. Refraktomita ya mkononi, ile inayotazamiwa kwa jicho moja, wengi huirekebisha kwa maji matupu hadi isome sifuri, wakaridhika. Chombo kinaweza kusoma sifuri sawasawa na bado kikakosea kwenye 35, ambako ndiko kunakotakiwa ukweli. Yeye hutembea na chupa ndogo ya maji yaliyotengenezwa maalumu kusoma 35, akakijaribu chombo papo hapo. Kile kipimo cha plastiki chenye mkono unaoelea hukigonga kwa kidole kwanza, maana kiputo kimoja cha hewa kikiushika mkono huo huupandisha, ukaamini chumvi ni nyingi kuliko ilivyo. Mwenye tangi anaongeza maji baridi ili aipunguze, na maradhi ambayo hayakuwapo yamezaliwa siku hiyo. Vipimajoto hutia viwili. Vikitofautiana, hutia cha tatu.

Nilipenda sana kumtazama akipima alkalini. Kijana alikuwa na kipimo cha kidijitali kinachosoma hadi desimali, na mzee alikikubali, ila alitaka kukihakikisha kwa matone. Kipo kipimo ambacho tone moja huhesabiwa digrii moja kwa mililita 5 za maji. Ami hutia mililita 10, ili tone liwe nusu digrii. Alikisuuza kichupa kwa maji ya tangi lenyewe mara mbili, akavuta maji kwa bomba la sindano, akalipiga bomba kwa ukucha ili hewa itoke, akajaza. Akakiweka kichupa juu ya karatasi nyeupe. Chupa ya dawa aliishika wima kabisa, kwa sababu ukiilaza matone hutoka na ukubwa tofauti. Kila tone likiingia alizungusha, akasubiri, akatazama. Buluu ilianza kupata kijani pembeni, na hapo mtu mwenye haraka angeandika jibu. Yeye alitia tone jingine, akapata njano kamili, akatia moja la ziada kuhakikisha kwamba njano haibadiliki tena. Zikatoka nusu 21. Digrii 10 na nusu. Kidijitali kilisema 10.4. “Hawa hawakugombana,” alisema, akafuta kichupa.

Sasa kijana alikuwa na hukumu yake tayari. Alkalini 10.4, ilhali yeye huishika kwenye 8. Basi ndiyo iliyounguza matumbawe. Hoja haikuwa ya kijinga. Alkalini ikipanda haraka kweli hudhuru Acropora, hasa kwenye maji ambayo naitreti na fosfeti zimebanwa hadi karibu na sifuri, na kijana alikuwa amesoma habari hizo. Angeweza kushusha namba, akaona imeshuka, akaamini ametibu.

Lakini alikuwa na kitu ambacho yeye mwenyewe hakukithamini: daftari. Ami alilifungua akapitisha kidole kwenye safu ya alkalini kurudi nyuma. Miezi ya 8.2, 8.3, 8.1, 8.2. Kisha 8.6. Kisha 9.0, 9.7, 10.4. Akauliza dozi iliongezwa lini. Haikuongezwa. Akaomba kuona pampu, akaitoa mrija, akaielekeza kwenye kikombe cha vipimo, akaiwasha dakika zake. Ilitoa kiasi kilekile kilichoandikwa. Mara ya kwanza nyama kuchunika ilikuwa lini? Kijana alikuwa na picha kwenye simu zenye tarehe. Picha ya kwanza ilikuja zaidi ya wiki moja baada ya ile 8.6.

“Nyumbani kwenu mnaletewa mikate kumi kila asubuhi,” mzee akamwambia, “na siku moja kabati likaanza kujaa mikate. Mwokaji hajaongeza hata mmoja. Basi ni nani aliyeacha kula?”

Hapo ndipo nilipoipendea kazi hii. Namba ileile ambayo kijana aliiona kuwa chanzo, mzee aliisoma kuwa dalili, na dalili ya mapema kuliko zote. Tumbawe linaloumwa huacha kujenga kabla halijaonyesha doa lolote. Likiacha kujenga, halili alkalini; na pampu, ambayo haijui lolote, inaendelea kumimina. Kiwango kinapanda. Kikishapanda vya kutosha kinakuwa maradhi ya pili juu ya yale ya kwanza, na atakayetazama siku ya mwisho tu atayaona yale ya pili na kuyapa jina la yale ya kwanza. Kilichoyatenganisha maradhi hayo mawili ni mpangilio wa tarehe katika daftari la kurasa zenye madoa ya chumvi. Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba kazi hii ni ya vifaa. Vifaa kijana alikuwa navyo kuliko mzee.

Basi kitu kingine kiliyafanya matumbawe yaache kula. Kipi? Ami alizima pampu ya dozi na kusema atarudi usiku.

Mwamba wa ndani ya kioo una maisha mawili, na yale ya usiku ndiyo yenye visa. Taa zikizimwa, baadhi ya matumbawe hunyoosha minyiri ya vita ambayo mchana huwezi kuamini ipo. Galaxea ni mashuhuri kwa hilo, hufika mbali na kumchoma jirani. Sarcophyton, tumbawe laini lisilo na jiwe, hupigana kwa kemikali linazotoa majini, na ndani ya lita 400 kemikali hizo hazina pa kwenda isipokuwa zinaswe na mkaa. Kijana alikuwa na Sarcophyton kubwa pembeni. Ami aliitazama, akauliza ina umri gani humo, akatazama mkaa ulibadilishwa lini, akaendelea. Ilikuwa imekaa na jirani zake kwa amani miaka, na mkaa ulikuwa mpya.

Alipita tawi kwa tawi na tochi nyekundu, kwa kuwa viumbe wengi wa mwambani hawashtuki sana kwa mwanga mwekundu. Alitafuta hasa mnyoo bapa anayekula Acropora, ambaye wanasayansi walimpa jina rasmi la Amakusaplana acroporae mwaka 2011, ingawa wenye matangi walikuwa wameshateswa naye kabla ya hapo. Mnyoo huyu hukaa juu ya tumbawe akiwa na rangi ya tumbawe, kwa sababu tumbo lake limejaa kile alichokula, na unaweza kumtazama uso kwa uso usimwone. Kwa hiyo Ami hamtafuti kwa macho. Alichukua pipeti kubwa, akaijaza maji ya tangi, akapuliza kwa nguvu kwenye shina la kila Acropora huku akitazama kinachopeperuka. Kipande kimoja alikitoa kabisa, akakichovya kwenye bakuli jeupe lenye dawa, akakipuliza tena, akamimina maji yale taratibu akatazama chini. Vijidudu vya kawaida viwili vitatu, mchanga, ute. Kisha akageuza kipande chini ya lenzi, akakagua ule mpaka ambapo nyama inaishia na mfupa unaanza, maana mayai ya mnyoo huyo hutagwa kwenye mfupa mtupu jirani na nyama, na dawa ya kuchovya haiyaui. Aliye na mayai lazima akwangue kwa kisu, kisha arudie kuchovya kwa wiki kadhaa hadi kizazi kilichobaki kitoke kwenye maganda. Hapakuwa na mayai. Hapakuwa na yale madoa ya kuumwa.

Chini ya lenzi hiyohiyo aliokoa kitu ambacho kilikuwa kinakwenda jaani. Kijana alikuwa ameshaiondoa Montipora moja iliyokuwa nyeupe pe na kuiweka kwenye ndoo. Ami aliitazama muda mrefu, kisha akampa lenzi. Katika kila kitundu kulikuwa na kiduara kinachoonyesha, kisicho na rangi, na viduara vingine vilikuwa vinasinyaa maji yakitikisika. Ilikuwa imepauka, haijafa. Tumbawe likizidiwa na joto au mwanga huufukuza ule mwani wake, na nyama inayobaki huwa kama haipo, mfupa mweupe ukionekana kupitia kwake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, joto la El Niño lilipoipausha miamba ya Kenya na Tanzania na sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi magharibi. Weupe ule wa kwanza ulikuwa bado ni uhai wenye njaa, na mengi yalikufa baadaye kwa sababu joto halikushuka kwa wakati. Wataalamu wa NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, huhesabu digrii zilizozidi kiwango cha juu cha kawaida cha majira ya joto na wiki zilizodumu. Digrii-wiki hizo zikifika 4 hutarajia kupauka, zikifika 8 hutarajia vifo.

Hesabu hiyo hutegemea tumbawe limetoka wapi. Kuna matumbawe upande wa Abu Dhabi yanayohimili maji ya nyuzi 34 na 35 wakati wa kiangazi, joto ambalo lingewaua ndugu zao wa Indonesia na Australia, ambako ndiko matumbawe mengi ya matangini hutoka. Kwa hiyo Maskati, kiyoyozi kikikatika mchana mmoja wa Juni, tangi la sebuleni linaweza kuwa hatarini hali mwamba wa nje unaendelea na shughuli zake. Lakini kiyoyozi hakikukatika. Montipora ile ilikuwa imepaushwa na taa, zile ambazo mwenyewe alizipandisha nguvu katika kutibu. Mzee hakumlaumu. Aliirudisha ndani, mahali penye kivuli, akashusha taa.

Tuseme hapa, kwa haraka, kwamba ujuzi huu haukuanzia maabara. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, wa Jakarta, alieleza katika jarida la wafuga samaki jinsi alivyofuga matumbawe hai kwa mawe yenye uhai kutoka baharini na mapovu ya hewa, wakati wengi waliamini haiwezekani. Wajerumani wa Berlin wakaongeza mashine ya povu inayokamua uchafu kabla haujaoza. Mwaka 1994 Charles Delbeek na Julian Sprung walitoa juzuu la kwanza la The Reef Aquarium, likawa kitabu cha mezani kwa kizazi kizima. Randy Holmes-Farley, mkemia, aliandika makala baada ya makala akiwaeleza watu wa kawaida jinsi kalsiamu na alkalini zinavyoishi pamoja. Ile hesabu ya 2.8 na 20 imeenea kwa wafugaji kwa kiasi kikubwa kupitia kalamu yake. Halafu wanasayansi wakaja kukopa. Mwaka 2017 Jamie Craggs na wenzake katika jumba la makumbusho la Horniman, London, walichapisha namna walivyoyafanya matumbawe ya Acropora yatage ndani ya matangi kwa kuiga majira, urefu wa siku na mbalamwezi. Mwaka 2019 Florida Aquarium, wakishirikiana na Horniman, walifanikiwa kuitagisha Dendrogyra cylindrus, tumbawe-nguzo la Karibi linalokaribia kutoweka kule Florida. Ninaposikia mtu akiita jambo hili mchezo wa wenye fedha, huwa nakubali sehemu ya fedha tu.

Turudi Al Khuwair. Kilichomsimamisha Ami hakikuwa tumbawe. Ilikuwa konokono. Wale konokono wadogo wa kusafisha kioo, ambao usiku hupanda hadi juu, walikuwa wamekaa chini mchangani. Alimpindua mmoja kwa kijiti akahesabu kimoyomoyo. Konokono mzima hujivuta ndani au huanza kujigeuza; huyu alitoa mguu nusu, akauacha ukining'inia. Samaki wote walikuwa wanakula na kuogelea vizuri. Ami alimuuliza kijana kama ametia dawa ya samaki humo hivi karibuni.

“Hapana, Ami. Wallahi.”

Swali lilikuwa na sababu. Samaki wazima, konokono wazito, matumbawe yameacha kujenga: hiyo ni sura ya sumu ya madini, na ya kwanza kushukiwa ni shaba. Dawa nyingi za vimelea vya samaki ni shaba, kwa sababu samaki huistahimili kwa kipimo kile na wasio na uti wa mgongo hawaistahimili. Maji ya Maskati mengi ni ya bahari yaliyosafishwa chumvi, lakini kabla hayajafika bombani yamelala kwenye matangi ya juu ya paa na kupita mabomba ya jengo. Mzee aliyapima maji yanayotoka kwenye chujio la kijana. Sifuri. Akayapima katikati, baada ya utando wa chujio na kabla ya resini yake, kujua kama resini ndiyo inayobeba mzigo wote. Utando ulikuwa mzima.

Basi kama madini hayakuingia na maji, yanatoka ndani. Hapo ndipo mtu wa mabomba na pampu alipokuwa nyumbani kwake. Alitoa kila chombo chenye chuma au sumaku, kimoja kimoja, akakisuuza, akakikausha kwa kitambaa, akapitisha kidole gumba juu yake akiwa amefumba macho. Hita, sawa. Pampu ya kurudisha maji, sawa. Alichomoa hata kile kizungushio chake na kukipapasa pande zote. Pampu ya mawimbi ya kushoto, sawa. Ya kulia, kidole kilisimama. Ganda la plastiki gumu linaloifunika sumaku lilikuwa limevimba mahali padogo kuliko punje ya mtama. Alipolisukuma kwa ukucha lilipasuka, na ndani yake palikuwa na unga wa hudhurungi.

Sumaku hizi zenye nguvu hutengenezwa kwa neodimiamu, chuma na boroni, na kwa kawaida hupakwa nikeli, kisha shaba, kisha nikeli tena ili zisishike kutu. Maji ya chumvi yakipata upenyo wa uzi, hula tabaka hizo moja baada ya nyingine na kuzitia majini kidogo kidogo, kwa miezi. Kipimo cha kawaida cha nyumbani hakitaona. Kijana alichukua sampuli ya maji kuipeleka maabara, zile zinazochoma maji katika plazma ya maelfu ya nyuzi na kusoma mwanga wa kila elementi, lakini pampu haikurudi majini kusubiri majibu. Majibu yalipokuja yalionyesha shaba na nikeli zimezidi. Ami aliyasoma, akakunja karatasi, akasema ni sumaku, labda. Nilimuuliza kwa nini labda. Akasema bado hajayaona matumbawe yakila.

Matibabu yalikuwa ya kuchosha kwa kijana, kwa kuwa karibu yote yalikuwa ya kutofanya. Mkaa mpya na resini ya kunasa madini. Kubadilisha maji, sehemu ndogo kila baada ya siku chache, kwa chumvi ileile ya zamani, maji yakiwa yamelinganishwa joto kabla ya kuingia. Vipande vilivyochunika vikatwe sentimita moja ndani ya nyama nzima, vibanwe mahali penye mzunguko mzuri. Taa zibaki chini. Pampu ya dozi ibaki imezimwa. Tumbawe jipya lisiingie, hata la kupewa bure. Na daftari lijazwe kila jioni, saa ileile.

Acropora mbili zilikufa hata hivyo. Ami alikuwa ameshamwambia zitakufa, akamwonyesha ni zipi.

Alkalini ilishuka kwa yale mabadiliko ya maji hadi 8.8 na kukaa hapo. Mabadiliko ya maji yaliposimama, ilibaki 8.8, siku baada ya siku, maana hakuna aliyekuwa anaitia na hakuna aliyekuwa anaila. Konokono walianza kupanda kioo. Kijana alipiga simu kueleza habari za konokono kwa furaha, na mzee akamuuliza namba tu. 8.8. Basi subiri. Simu nyingine: 8.8, na Montipora ile nyeupe imeanza kupata rangi ya chai pembeni. Subiri.

Nilikuwapo siku aliyopiga akiwa na wasiwasi kwamba pengine kipimo kimeharibika, kwa kuwa juzi kilisoma 8.7, jana 8.6, na leo 8.4, naye hajagusa kitu. Ami alimwambia arudie kwa matone, mililita 10, karatasi nyeupe chini. Tukasubiri kwenye laini, tukisikia kichupa kikigonga meza. Nusu 17, alisema kijana. Mzee aliweka kikombe cha chai chini.

“Haya. Washa pampu, robo ya dozi yako ya zamani. Na kingine usiguse.”